Janet Jackson: kutoka katoto ka kwenye TV hadi staa wa muziki, huyu dada alitoboaje?

mtoto_wa_kino
Wakuu habari za jioni. Jana usiku niko YouTube napoteza muda nikakutana na vipande vya tamthilia ya zamani ya Wamarekani weusi inaitwa Good Times, kuna katoto kanaitwa Penny, mama yake anamtesa mpaka anamchoma na pasi ya moto, yaani nilisikia uchungu kweli. Nashuka kwenye komenti watu wanasema huyo ndio Janet Jackson. Nikabaki mdomo wazi, maana mimi Janet ninayemjua ni yule wa Rhythm Nation kavaa nguo nyeusi za kijeshi. Sasa naomba kuuliza, watoto waigizaji wa kule wengi wakikua tunasikia wameishia kwenye unga au mahakamani, huyu alivukaje mpaka akawa mwanamuziki mkubwa? Au ndo jina la ukoo tu lilimbeba? Wajuzi njooni.

Kibopa77
Jina tu mkuu, hakuna siri hapo. Ukizaliwa kwa mzee Joe Jackson, baba yao na Michael, hata ukikohoa wanakurekodi.

Babu wa Kanda
Kibopa umenichekesha lakini umekosea njia. Pale kwa mzee Joe walikua watoto tisa na wote tisa waliingia studio kwa namna moja au nyingine. Hesabu waliofika namba moja kwenye chati ya nyimbo ya Marekani kwa jina lao wenyewe, nje ya bendi ya kaka zake, Jackson 5: Michael na Janet, basi. Hata kaka yao Jermaine hakufika. Kama jina lingekuwa linatosha dada yao La Toya angekuwa anajaza viwanja mpaka leo.

Na jina hilohilo lilishajaribiwa kwa Janet likagoma. Albamu ya kwanza ilitoka 1982 ikaitwa jina lake, ana miaka 16, nani aliisikia? Ya pili Dream Street ya 1984, safari hii wakamwita prodyuza Giorgio Moroder aliyetengeneza nyimbo za Donna Summer, kaka yake Marlon naye akatia mkono, nayo ikafa kifo cha kimyakimya. Wakati huohuo anaigiza kwenye tamthilia ya Fame, kazi ambayo alikuja kusema mwenyewe hakuitaka, aliifanya kumridhisha baba. Kwa hiyo ona hali ilivyokuwa, baba ndio meneja, baba ndio anaamua aigize wapi aimbe nini, mtoto anatii tu. Katikati ya hapo akatoroka kwenda kuolewa na mwimbaji James DeBarge, ana miaka 18, ndoa ikafutwa mwaka uliofuata.

Sasa mwaka 1985 jamaa wa lebo ya A&M anaitwa John McClain akampeleka Minneapolis kwa maprodyuza Jimmy Jam na Terry Lewis. Hawa wawili nao walikuwa na stori yao, mwanamuziki Prince aliwafukuza kwenye bendi ya The Time kwa sababu walienda Atlanta kutengeneza muziki wa S.O.S. Band, theluji ikawakwamisha huko wakakosa shoo. Walivyompokea Janet hawakumkimbiza kwenye maiki. Wakawa wanatoka naye, wanazunguka, wanapiga stori tu, binti anasimulia ya baba, ya ndoa, ya kuchoka kuamuliwa, na siku alipoletewa mashairi akakuta ni mambo yake mwenyewe aliyokuwa anayaongea. Hata ule wimbo wa Nasty ulitokana na wahuni waliokuwa wanamsumbua nje ya hoteli aliyofikia kulekule Minneapolis.

Hapo ndipo kwenye jibu lako kijana. Sauti haikubadilika na ukoo haukubadilika, kilichobadilika ni nani anaamua. Baba akawekwa pembeni, albamu ikaitwa Control, ikatoka Februari 1986 akiwa na miaka 19, ikaenda namba moja na When I Think of You ikawa wimbo wake wa kwanza namba moja. Miaka miwili tu nyuma yake yuko na Dream Street, mtu yuleyule.

DadaZuhura
Babu umemaliza kwenye umeneja lakini mimi nakupinga kidogo, unaongea kana kwamba uigizaji ulikuwa mzigo akautua ndo akaanza kuimba. Mbona aliutumia! Angalia video ya What Have You Done for Me Lately, inaanza na maongezi mgahawani, analalamika kwa shoga yake kuhusu mwanaume, na huyo shoga ni Paula Abdul ambaye ndiye alikuwa anawafundisha kucheza. Ile ni sini kabisa ya tamthilia na anaijua kazi yake, haigizi kama mwanamuziki aliyelazimishwa. Kwenye albamu zake pia kila baada ya nyimbo kuna vipande vya kuongea, kucheka, minong'ono.

Na ile sauti yake ndogo ambayo watu wanasema hana sauti, jamani, hana sauti ya kupasua kioo kweli, Whitney Houston alikuwepo kwa kazi hiyo, ila anajua kukaribia maiki akakuongelesha wewe peke yako. Hicho ni kitu cha muigizaji. Halafu ile Got 'til It's Gone ya 1997, video imerudisha Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi, yeye ni mwimbaji wa ukumbini kwenye mkusanyiko wa watu weusi, mwishoni chupa inapasukia kwenye kibao cha wazungu tu. Ile video ilipata Grammy.

Pwani_Finest
Niko Mombasa huku nasoma tu, mambo ni moto 😂 Lakini mbona hakuna aliyetaja 2004 na ile shoo ya mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kule Houston? Kwa sababu kwenye mada ya watoto wa TV ile ndio kitu inaniumaga. Justin Timberlake aliyeimba naye pale naye alikuwa mtoto wa TV, alikuwa kwenye kipindi cha Mickey Mouse Club pamoja na Britney Spears na Christina Aguilera, kwa hivyo pale jukwaani walikuwa wawili waliolelewa na kamera. Mkono uliovuta nguo ni wa Justin, kifua kilichoonekana ni cha Janet, wiki moja baadaye Justin yuko kwenye Grammy anachukua tuzo mbili na Janet hayupo. Albamu yake Damita Jo ikatoka mwezi Machi mwaka huohuo ikaishia namba mbili, na albamu tano kabla ya hiyo zote zilikuwa zimegonga namba moja. Justin kumwomba Janet msamaha hadharani ni 2021, miaka 17 mzee!! Sasa sema jina la ukoo linabeba.

Kibopa77
Haya basi nimenyoosha mikono kwa jina. Ila Michael bado mkali kuliko yeye, hapo hamnitoi.

DadaZuhura
Nani kabisha? Ila kwenye albamu moja kutoa nyimbo saba zikaingia tano bora zote, hiyo ni Rhythm Nation ya Janet, Michael hana. Kalale.

mgeni_doha
Nje ya mada kidogo, huyu dada aliwahi kuwa shemeji yetu huku Ghuba, aliolewa na tajiri wa Qatar mwaka 2012, akajifungua Januari 2017 akiwa na miaka 50, wakaachana mwaka huohuo. Endeleeni.

mtoto_wa_kino
Asanteni sana wakuu, hasa Babu na Dada Zuhura. Shikamoo Babu kwanza, nimesahau salamu. Sasa nikitaka kumsikiliza kwa mpangilio nianzie wapi?

Babu wa Kanda
Marahaba. Anza na Control yote bila kuruka, haifiki hata dakika 45. Kisha Rhythm Nation na ile filamu yake ya nusu saa, halafu albamu ya The Velvet Rope ukiwa peke yako usiku. Zile mbili za mwanzo achana nazo.

mtoto_wa_kino
Hiyo Dream Street iko YouTube lakini? Nataka nisikie ubovu wake.

Babu wa Kanda
Ipo. Weka bando dogo, hutamaliza.