Sauti ni ya mtoto, namba ni ya tapeli

*Kikundi: Ukoo Wetu, Tanga na Dar*

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Mjomba Wakili, mtu akitengeneza sauti ya ndugu yetu kwa akili mnemba akaomba laki tano za hospitali, anashikwa kwa lipi? Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya 2015.

Mjomba Wakili: Marahaba mwanangu. Akili mnemba haikutajwa, ila haponi. Kifungu cha 15, kujifanya mtu mwingine kwa kompyuta, na simu imo. Cha 11, kughushi data ionekane halisi. Akishamtia mtu hasara, kipo cha 12: faini isiyopungua milioni 20 au mara tatu ya alichojipatia, chochote kilicho kikubwa, au jela isiyopungua miaka 7, au vyote viwili.

Idd Wakala: Adhabu ipo, ila hela haikai. Tapeli huitoa dakika chache baada ya kuingia. Kabla ya polisi piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, taja namba ya muamala, omba waizuie. Ikiwa haijatolewa wanaweza kuishikilia. Ikishatolewa, unabaki na kesi tu.

Mama Mdogo Mwanaidi: Na hiyo sauti ya tapeli niliyotumiwa, niifute? Simu yenyewe imejaa.

Mjomba Wakili: Usifute dada! Kesi hulegea hapo hapo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki kinataka mahakama ipime ushahidi umetunzwaje na aliyeutuma anatambulikaje. Ukiirusha huku kikundini, nakala tutakayoiona inabeba jina lako, namba ya tapeli haimo. Iache kwenye simu iliyoipokea. Piga skrinishoti yenye namba nzima, tarehe na saa, kisha nenda polisi na simu yenyewe uchukue RB, namba ya taarifa yako.

Da Rehema (benki): Kwenye linki za "hakiki akaunti", ruka https:// halafu soma mpaka mkwaju (/) unaofuata. Mwenye tovuti anaonekana mwishoni mwa kipande hicho. benkiyako.co.tz.sasisha-xx.top si ya benki, ni ya sasisha-xx.top. Ukishaweka namba ya siri humo, pigia benki wafunge akaunti kwanza, maswali baadaye.

Zuhura: Na simu ya video je? Si namwona usoni?

Da Rehema: Usoni pia wanaigiza. Hong Kong, 2024, mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup alimwona "mkuu wa fedha" kwenye kikao cha video akatuma miamala 15, karibu dola milioni 25. Wenzake kikaoni walikuwa wa kutengenezwa. Kata, mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo siku zote.

Idd Wakala: SMS ya kitapeli itumeni 15040, namba ya kuripoti utapeli, mkijibiwa andikeni namba iliyoituma. Halafu kila mtu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Laini usiyoijua ikitapeli watu, polisi wataanza na jina lako.

Mama Mdogo Mwanaidi: Kwenye kitochi inakubali?

Idd Wakala: Inakubali mama mdogo, na bando haihitaji.

Mama Mdogo Mwanaidi: Zimekuja tatu. Mbili zangu. Hii ya tatu siijui.

Idd Wakala: Nenda kesho asubuhi duka la mtandao huo na kitambulisho, waambie waifute.