Tupeane uzoefu: Anayeanza majiki ya ibada aanzie wapi?

#1
Wakuu, uzi huu ni wa majiki ya ibada ya Kimagharibi, hasa mkondo uliotokana na Hermetic Order of the Golden Dawn, chama kilichoanzishwa London mwaka 1888 na Westcott, Mathers na Woodman. Hatuzungumzii kuroga, wala mazingaombwe ya jukwaani, wala kafara ya aina yoyote. Ni kazi ya mwili, sauti na fikra inayofanywa kwa utaratibu uleule kila siku.

Maombi kwa wachangiaji: leteni hatua, vipimo, kinachoharibika na sababu yake. Habari za "nilihisi ubaridi mgongoni" zipelekeni uzi mwingine, huko zitapata wasikilizaji.

#2
Anayeanza aanze na ibada moja tu, ile ndogo ya kufukuza, yaani kusafisha mahali pa kazi, ya nyota ya pembe tano, maarufu kwa kifupi cha Kiingereza LBRP. Golden Dawn ndiyo waliyompa mwanachama wa ngazi ya kwanza, na walikuwa na sababu. Inachukua dakika kumi, haihitaji kifaa, na ndani yake kuna kila kitu utakachokuja kukitumia baadaye: pande nne, majina, mchoro hewani, sauti na picha ya akilini.

Tafuta mashariki kwa dira ya simu. Usikisie kwa kuangalia jua linapochomozea, maana Juni linachomozea upande wa kaskazini-mashariki na Desemba kusini-mashariki. Shika simu mbali na nondo za dirisha na kitanda cha chuma, vinginevyo dira itakudanganya.

Kwanza msalaba wa Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi. Simama wima ukitazama mashariki, vuta picha ya nuru nyeupe juu ya kichwa. Gusa paji la uso: *Ateh*. Shusha mkono hadi kifuani, nuru ikiendelea mpaka miguuni: *Malkuth*. Bega la kulia: *ve-Geburah*. Bega la kushoto: *ve-Gedulah*. Kutanisha viganja kifuani: *le-Olam, Amen*. Aliyekulia kanisani atayatambua maneno haya bila kufundishwa: ni "ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele" kwa Kiebrania.

Kisha nyota. Nyoosha mkono mbele, kidole cha shahada kikitangulia. Anzia nje ya nyonga ya kushoto, panda hadi juu ya paji la uso, shuka hadi nyonga ya kulia, panda hadi bega la kushoto, kata mlalo hadi bega la kulia, rudi nyonga ya kushoto ulikoanzia. Mchoro uwe mkubwa, kama mita moja kwa mita moja. Uone ukiwaka rangi ya buluu kama moto wa gesi. Choma katikati yake kwa kidole ukitamka *Yod He Vav He*, herufi nne za jina la Mungu kwa Kiebrania (YHVH).

Bila kushusha mkono, geuka kulia ukivuta mstari mweupe hadi kusini. Nyota ya pili, *Adonai*. Endelea magharibi, nyota ya tatu, *Eheieh*. Kaskazini, ya nne, *AGLA*, hutamkwa A-ga-la. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiebrania yenye maana "Wewe ni mwenye nguvu milele, Bwana". Halafu, na hapa ndipo wengi hupotea, vuta mstari kutoka kaskazini hadi mashariki mpaka uguse nyota ya kwanza. Ukirudi katikati moja kwa moja kutoka kaskazini, duara lako lina mlango wazi robo nzima.

Rudi katikati, tazama mashariki, tanua mikono kama msalaba. Mbele yangu Rafaeli, nyuma yangu Gabrieli, kulia kwangu Mikaeli, kushoto kwangu Urieli. Rafaeli ana vazi la manjano na unasikia upepo kutoka kwake. Gabrieli ni buluu, ana kikombe, nyuma yako kuna unyevu wa maji. Mikaeli ni mwekundu, ana upanga, joto linatoka upande wake. Urieli ana rangi za ardhi na masuke ya ngano. Sema kwamba nyota zinawaka kukuzunguka na nyota ya miale sita inang'aa ndani ya nguzo, kisha rudia msalaba wa Kabala. Umemaliza.

#3
Nyongeza kwa Wakatoliki. Ninyi mmezoea kuanza bega la kushoto kisha kulia. Huku ni kulia kwanza. Mkono una kumbukumbu yake, utakwenda kushoto wenyewe wiki za mwanzo. Dawa ni kufanya ule msalaba peke yake, taratibu, mara kumi mfululizo kabla ya kuunganisha na hatua nyingine.

Na nyota: mstari wa kwanza ndio unaoamua kazi. Kuanzia chini kushoto kwenda juu ni kufukuza kwa ardhi, moja ya asili nne pamoja na moto, maji na hewa. Kuanzia juu kushuka chini kushoto ni kuita. Mtu akichanganya hizo mbili, anaita akidhani anafukuza. Mafundisho ya zamani husema ita asubuhi, fukuza jioni. Anayeanza na afukuze tu nyakati zote mbili mpaka mkono uzoee.

#4
Wakuu, mimi napanga chumba kimoja, ukuta ni wa kusikilizana. Hayo majina lazima yapigwe kelele?

#5
#4, si kelele. Kinachotakiwa ni kutetemesha. Vuta pumzi kupitia puani ukijaza tumbo kwanza, kisha toa jina zima kwa pumzi moja ndefu, kila silabi ikivutwa, sauti nzito ya chini inayotikisa kifua. Weka kiganja kifuani: usipohisi mtikisiko, unaimba tu. Ukishaweza kwa sauti, fanya kwa kunong'ona huku mtikisiko ukiuhisi ndani. Golden Dawn wenyewe walikuwa na namna ya kimyakimya. Ila usianzie kimyakimya, kwa sababu hutakuwa na kitu cha kukumbuka.

Kizunguzungu kikija, si malaika. Ni kupumua haraka mno. Acha pumzi mbili tatu za kawaida kati ya jina na jina.

Kuhusu nafasi: chumba kikijaa kitanda, simama sehemu moja ugeuke papo hapo, duara livutwe kwa kidole tu. Hilo linakubalika. Kisichokubalika ni kuruka upande wa kaskazini kwa sababu kuna kabati.

#6
Nichangie saa za sayari, maana huku Afrika Mashariki tuna urahisi ambao Mzungu hana.

Saa ya sayari si dakika 60. Chukua muda kutoka macheo hadi machweo, gawanya kwa 12. Usiku hivyohivyo, machweo hadi macheo ya kesho, gawa kwa 12. London, siku ndefu ya Juni saa moja ya mchana inafika kama dakika 83, na Desemba inashuka hadi 39. Dar es Salaam inacheza kati ya 58 na 63 mwaka mzima. Tena sisi saa zetu za kila siku tunazihesabu tangu asubuhi, saa ya kwanza ikianza jua likishachomoza, kwa hiyo jedwali zima linakaa kichwani bila programu ya simu.

Mpangilio ni Zuhali, Mushtari, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, kisha unarudi Zuhali. Saa ya kwanza ya siku ni ya mwenye siku: Jumapili Jua, Jumatatu Mwezi, Jumanne Mirihi, Jumatano Utaridi, Alhamisi Mushtari, Ijumaa Zuhura, Jumamosi Zuhali. Kutoka hapo unafuata mpangilio bila kuruka, mchana na usiku, na saa ya 25 itaangukia mwenye siku ya kesho. Isipoangukia, umekosea kuhesabu.

Mfano. Jumatano, jua limechomoza saa 12:30 asubuhi, litazama saa 12:15 jioni. Hizo ni dakika 705. Gawa kwa 12 unapata dakika 58 na sekunde 45. Utaridi ana saa ya kwanza na ya nane. Ya nane inaanza baada ya saa saba kupita, yaani kama saa 7:21 mchana, na inaisha saa 8:20. Kazi ya masomo, barua au mtihani unaiweka humo. Kosa la kawaida ni kutumia macheo ya mji mwingine: mtu yuko Kigoma anatumia ya Dar, tofauti inapita nusu saa, na nusu saa ni nusu ya saa yake ya sayari.

Wazee wa falaki wa pwani, Lamu hadi Unguja, wanatumia mpangilio huuhuu. Ulaya ya zama za kati ilipokea sehemu kubwa ya elimu hii kupitia vitabu vya Kiarabu, na ndiyo maana jedwali la Zuhali la tatu kwa tatu, 4 9 2 / 3 5 7 / 8 1 6, kila mstari 15, utalikuta kwenye talasimu za pwani na kwenye vitabu vya Kilatini pia.

#7
Kusini mwa ikweta je? Moto unawekwa kusini kwa sababu Ulaya jua la mchana liko kusini. Dar jua la adhuhuri liko kaskazini sehemu kubwa ya mwaka.

#8
Wako wafanyaji wa Australia wanaobadilisha kaskazini na kusini kwa hoja hiyohiyo. Hoja ina mashiko kwa anayejenga mfumo wake. Anayeanza aache kama ilivyo, kwa sababu akibadilisha moto na ardhi itabidi ahamishe malaika, majina na rangi, na hatajua kilichoharibika kimeharibikia wapi.

#9
Vifaa. Mkondo huu una silaha nne: fimbo ya moto, kikombe cha maji, kisu cha hewa, sahani ya ardhi. Usinunue hata kimoja mwanzoni. Kidole kinatosha, kanzu safi isiyovaliwa kwingine inatosha kuwa vazi, kigoda kikifunikwa kitambaa ni madhabahu.

Ubani ndio wa kuangaliwa, kwani huo unaweza kukuua kweli. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Weka mchanga wa sentimita tatu kwenye chetezo, washa kipande kidogo cha mkaa nje, subiri kivae majivu ya kijivu, ndipo uingie nacho. Punje tatu za ubani, ukubwa wa harage, zinatosha kabisa. Dirisha liwe wazi hata kama mbu wanaingia, na mkaa utoke nje kabla hujalala. Moshi ukiwa mweusi unaokwaruza koo, umeweka ubani kabla mkaa haujatulia.

#10
Nimeshaona vijana wanarukia Goetia, kuita pepo 72 wa Sulemani, kwa sababu maandishi yapo bure mtandaoni. Someni vipimo vyake kwanza: duara la futi tisa, karibu mita 2.7, na nje yake, futi mbili mbali, pembetatu ya futi tatu. Kwa mstari mmoja hiyo ni zaidi ya mita nne. Nani ana chumba hicho? Na hata akiwa nacho, ile kazi inadhani tayari unajua kufunga duara, kutetemesha jina na kushikilia picha moja akilini kwa nusu saa bila kuyumba. Asiye na hayo atapata hofu tu, na hofu hiyo ataikuza mwenyewe usiku.

Anayetaka hatua ya pili aende Nguzo ya Kati, zoezi lililoenezwa sana na Israel Regardie, mwandishi wa mkondo huu. Baada ya kufukuza, jenga mipira ya nuru: juu ya kichwa *Eheieh*, kooni *YHVH Elohim*, kifuani *YHVH Eloah ve-Daath*, sehemu za siri *Shaddai El Chai*, miguuni *Adonai ha-Aretz*. YHVH itamke herufi kwa herufi kama kwenye nyota. Pumzi tano kila mahali. Lazima ufike miguuni. Wanaopenda kukaa kichwani kwa sababu ni patamu huishia na kichwa kuuma na usingizi kukimbia.

Na aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo, au anayetumia dawa za akili, zoezi hili si lake mpaka azungumze na daktari wake. Hapa sipindishi.

#11
Kuna matapeli pia. Yale mabango kwenye nguzo za umeme, "jiunge na Freemason upate utajiri", hayahusiani na majiki wala na Freemason wenyewe. Ni kweli waanzilishi watatu wa Golden Dawn walikuwa Freemason, lakini hakuna chama cha kweli kinachotafuta wanachama kwa ujumbe wa simu na kuomba "ada ya pete" itumwe kwa simu. Ukiombwa hela, damu au picha ya ndugu yako, futa namba hiyo.

Sheria nayo muijue. Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, Kenya tangu 1925, na ile ya Tanzania inagusa hata kumiliki vifaa vya uchawi. Kwa hiyo usimfanyie mtu kazi kwa malipo, usimtishe jirani, usitundike michoro mlangoni. Ukifanya kwako, kwa ajili yako, na mshumaa mmoja, huna cha kumweleza mwenye nyumba zaidi ya kwamba unasali, na si uongo.

#12
Mmesahau daftari! Bila daftari hakuna majiki, kuna mazoezi ya viungo tu. Mistari saba kila siku: tarehe, saa, umri wa mwezi wa angani (siku tangu uandame), umelala kwa saa ngapi, umefanya nini, imechukua dakika ngapi, kilichotokea. Kilichotokea kiandikwe kama shahidi mahakamani: "mkono ulitetemeka upande wa magharibi", siyo "Gabrieli alikasirika". Tafsiri iwekwe ukurasa wa kulia, baada ya wiki, kwa kalamu ya rangi nyingine. Siku uliyoruka andika "sikufanya" na sababu. Ukisoma ya miezi mitatu utaona sababu ni zilezile mbili tatu, na mara nyingi ni simu.

#13
Nikikosea katikati, mfano nimesahau jina la kusini nikiwa tayari magharibi, narudia mwanzo?

#14
Hapana, #13. Usirudi nyuma kinyume cha saa. Endelea magharibi, kaskazini, funga duara mashariki, pita tena kusini ukienda kuliani, weka nyota na jina, zunguka mpaka mashariki tena, ndipo urudi katikati kwa malaika. Kisha kaandike kwenye daftari uliposahau.