Rangi za kuchora watoto usoni: binti yangu alitoka vipele, naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Mama Kipepeo
Wakuu, habari za jioni. Nina binti anayetimiza miaka 5, tunakaa Ilazo. Pasaka iliyopita tulimpeleka kwenye bustani moja ya watoto hapa mjini, akaona wenzake wamechorwa chui na vipepeo, akang'ang'ania hadi nikatoa buku mbili. Kijana akamchora kipepeo uso mzima, kuanzia nyusi hadi mashavuni. Picha zilipendeza, sikatai. Ila jua la Dodoma la saa nane mnalijua: jasho likaishusha rangi machoni, mtoto akalia njia nzima.

Usiku alilala mzima. Asubuhi mashavu yamevimba, vipele vyekundu, anajikuna. Vilichukua kama siku nne kuisha. Ana pumu ya ngozi tangu mdogo, kwa hiyo sijui nilaumu rangi au ngozi yake.

Sasa Jumamosi ni sherehe yake ya kuzaliwa, watoto kama 15. Mdogo wangu kajitolea kuchora, kanunua boksi la rangi sokoni Majengo kwa bei ya kutupa. Limeandikwa "non-toxic" na picha ya mtoto anacheka, basi. Baba yake anasema nakuza mambo. Leo Jumapili, bado nina muda. Niwaache wachorwe?

Brashi Mbili
Pole dada. Hii ndiyo kazi inayonilisha, nipo Kisasa. Hayo maandishi yanakuambia mtoto akilamba kidogo hatadhurika, hayakuambii kitu kuhusu ngozi. Hata rangi za maji za shule na akriliki za kuchorea turubai zinaandikwa hivyohivyo. Akriliki ikikauka inakuwa plastiki, kuitoa usoni ni kubandua na vinyweleo.

Rangi ya usoni ni kipodozi. Lazima uone orodha ya viambato, na rangi zenyewe kwa kawaida huandikwa kwa namba zinazoanza na CI. Mfano CI 77491 ni nyekundu inayotokana na kutu ya chuma, CI 77891 ni ile nyeupe. Angalia jina la mtengenezaji, namba ya toleo, na kale kachoro ka kopo lililo wazi kenye 12M, yaani miezi 12 tangu ulifungue. Boksi lisilo na hata kimoja, chorea maboksi mengine.

Na vimetameta vya kadi za shule msivisogeze karibu na macho. Vina ncha, vinakwaruza jicho.

Mgogo Halisi
Mnahangaika bure. Babu zetu walijipaka udongo mwekundu ngomani, nani alivimba? Watoto wa siku hizi mayai.

Nesi wa Zamu
Mgogo Halisi, babu aliujua udongo wake umechimbwa kilima gani. Hilo boksi nani anajua limetoka wapi?

Mama Kipepeo, umesema usiku alikuwa mzima, asubuhi kavimba. Hiyo ndiyo tabia ya mzio wa kugusa, huchelewa saa 12 hadi 24, wakati mwingine hata 72. Rangi inayouma palepale mara nyingi ni muwasho tu. Kwa hiyo anayekujaribishia nusu saa kabla ya sherehe hajajaribu kitu. Paka kidoa cha kila rangi upande wa ndani wa mkono, kioshe jioni, kisha angalia siku tatu. Palipochubuka kwa ajili ya pumu ya ngozi pasiguswe kabisa.

Kuhusu sumu yenyewe: mwaka 2009 kikundi cha Marekani kinachoitwa Campaign for Safe Cosmetics kilipeleka maabara rangi 10 za watoto. Zote 10 zilikutwa na risasi (ile metali yenye sumu, "lead"), na 6 zilikuwa na nikeli, kobalti au kromiamu, metali zinazojulikana kwa kuleta mzio. Risasi ilikuwa kidogo sana, chini ya sehemu moja kwa milioni, na mimi siwezi kukutisha kwamba kuchorwa mara moja kutamharibu mtoto. Ila Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na watoto hulamba vidole. Kwa hiyo midomoni hapana, na isiwe mchezo wa kila wikiendi.

Shangazi wa Chang'ombe
Na piko je? Mpwa wangu alichorwa mkononi kwenye harusi, likatoka lengelenge lenye umbo lilelile la ua. Alama anayo mpaka leo.

Nesi wa Zamu
Shangazi, piko ni dawa ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD. Huyo mpwa asije akatia nywele dawa nyeusi ukubwani, anaweza kuvimba kichwa kizima. Hina ya kweli inatoa rangi ya chungwa au kahawia na inataka saa kadhaa. Iliyo nyeusi tii ndani ya nusu saa, kimbia.

Mzazi Area D
Vipodozi siku hizi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019. Zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Ukiwa na shaka na bidhaa, waulize.

Brashi Mbili
Nimesahau sponji. Wachoraji wengi tunatumia moja kwa watoto ishirini, maji ya kopo lilelile. Mnakumbuka macho mekundu ya mwanzoni mwa 2024? Kila mtoto na sponji yake. Kutoa rangi: mafuta ya nazi kwanza, kisha sabuni laini. Siyo spiriti, siyo dodoki.

Mama Kipepeo
MREJESHO, Ijumaa usiku. Mdogo wangu kwa ubishi alijipaka lile boksi lake Jumatatu. Hakuwashwa, ila kijani imegoma kutoka shavuni na leo asubuhi alikuwa na usaili. Boksi sasa ni la kuchorea vinyago vya katoni.

Brashi Mbili alipita Jumanne na rangi zake, tukaweka vidoa vitatu. Bluu na nyeupe safi, ya waridi imeacha wekundu na binti anapakuna. Amekubali kipepeo wa bluu, tena mkononi, siyo usoni, baada ya kulia kidogo. Brashi, kesho saa tisa, na sponji 15 tafadhali.