Msaada: nataka kuunganisha PC yangu ya kwanza, bajeti 1.2M, nipo Arusha. Hii listi ya muuza duka ipo sawa?

chalii_wa_kijenge

Wakuu habari za humu. Moja kwa moja kwenye mada. Mimi na mshkaji wangu tunapiga video za harusi, sendoff, kipaimara (mnajua huku kwetu kipaimara ni harusi ndogo), kamera ni ya kawaida tu 1080p, na mpaka sasa naediti kwenye laptop ya miaka mingi ambayo nikiweka klipu tatu inaanza kupiga kelele kama mashine ya kusaga halafu inaganda. Mwezi uliopita bibi harusi amenipigia simu mara nne kuuliza video iko wapi, aibu nimeipata.

Nimejichanga nina 1,200,000. Monita ninayo inchi 22, kibodi na mausi vipo. Nimeenda duka moja hapa mjini kijana akanipigia hesabu hii, jumla 1,150,000:

Prosesa Ryzen 5 5600, madabodi ya B450, RAM 16GB DDR4 stiki moja, SSD (ya kuhifadhia faili) 512GB, kesi ya gemu ina taa za rangi na pawasapulai 500W ipo ndani tayari. Kadi ya grafiksi kasema nitanunua baadaye nikipata hela.

Sijawahi kuunganisha kompyuta hata siku moja, nimeangalia video tu. Na jioni jioni nikichoka nataka nicheze gemu la mpira kidogo sio sana. Nipeni muongozo kabla sijatoa hela, natanguliza shukrani.

mzee_wa_kambi

Nimeweka kambi hapa, na mimi nina mpango kama huo. Ngoja waje wataalamu.

binary_wa_njiro

Mkuu SIMAMA HAPO HAPO usitoe hela. Hiyo Ryzen 5 5600 haina grafiksi ndani yake. Yani ukiunganisha vyote hivyo bila kadi, feni zitazunguka, taa zako zitawaka vizuri sana, na kwenye monita utaona giza. Huwezi hata kuweka Windows. Yenye grafiksi ni 5600G, hiyo herufi G ndo habari yenyewe. Kwa Intel ni kinyume, yenye herufi F mwishoni (12100F, 12400F) ndo haina, isiyo na F inayo.

Kingine B450 ni madabodi ya kabla ya Ryzen za 5000, kama imekaa stoo muda mrefu na BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayoiamsha mashine) ya zamani haitaitambua hiyo prosesa mpaka uapdeti. Muulize huyo kijana kama ameapdeti, ukiona anaanza kuangalia dari jua jibu.

chalii_wa_kijenge

Duh aisee. Kwahiyo ningelipa 1,150,000 nikaangalie giza. Asante sana kaka.

mtumba_kwanza

Mi nakushauri tofauti na wote. Achana na kuunganisha. Chukua Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba ile ya ofisi, tafuta yenye i5-8500, core sita, unabaki na hela nyingi tu mfukoni. Usichukue chini ya Intel kizazi cha 8 mana Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 sapoti ya kawaida iliisha Oktoba 2025. Mimi ninayo mwaka wa pili haijanisumbua, naediti, nacheza, nalala.

binary_wa_njiro

Sio ushauri mbaya ila mwambie na upande wa pili. Nyingi ya hizo pawasapulai yake na plagi za madabodi ni za kwao wenyewe, siku ikifa huendi dukani kununua yoyote ukachomeka. Na zile nyembamba kadi ya kawaida haiingii, mpaka utafute kadi fupi. Kijana anataka kitu cha kukua nacho.

mtumba_kwanza

Anataka kumaliza video ya bibi harusi, hajasema anataka kukua 😂

mama_sodaa_sakina

Mwanangu chalii nikusalimie kwanza. Mimi nina kibanda cha ufundi wa kompyuta huku Sakina miaka mingi, wenzako wameongelea prosesa mi nataka uangalie hiyo kesi yenye pawasapulai ndani yake, mana mashine nyingi zinazoletwa kwangu zimekufa ukifuatilia unakuta chanzo ni hapo.

Hizo za bure zinazokuja na kesi imeandikwa 500W kubwa kwa rangi nyekundu. Geuza uangalie kijikaratasi cha pembeni, tafuta mstari wa 12V, soma ampia ngapi. Zidisha. Nimeshaona iliyoandikwa 500W na kwenye 12V ni ampia 18, sasa 18 mara 12 ni 216, na prosesa na kadi za siku hizi zinakula karibu umeme wote kutoka kwenye huo mstari. Pawasapulai ya kweli ya 550W inakupa ampia arobaini na kitu. Halafu ibebe mkononi, ikiwa nyepesi kama boksi la biskuti irudishe. Na kama ina kile kiswichi chekundu nyuma cha 115 na 230 hakikisha kipo 230 kabla hujachomeka, kuna kijana aliniletea kakiweka 115, tulichosikia ni mlio mmoja tu na harufu.

Kitu cha pili hakuna mtu huwa anakisema, arthi. Nyumba zetu nyingi za kupanga soketi ina matundu matatu ila waya wa arthi haujafika popote. Au mtu ana plagi ya miguu miwili anafungua tundu la juu kwa kalamu anachomeka. Mashine itawaka hivyo hivyo ila ukigusa chuma cha kesi kwa mguu peku unasikia inakutekenya mkono. Watu wanasema "kompyuta inapiga shoti", wanabadilisha pawasapulai mara tatu, kumbe pawasapulai ni nzima kabisa, ule umeme mdogo unaovuja kwenye kichujio chake ulitakiwa uende ardhini, haukupata njia ndo unapita kwako. Mwite fundi umeme apime arthi ya chumba chako kabla ya yote.

Na UPS, lile boksi lenye betri la kushikilia mashine umeme ukikatika. TANESCO akikata sio tatizo kubwa, tatizo ni akirudisha, unarudi kwa kishindo, unaondoka, unarudi. Chukua UPS ya 650VA hata ya mtumba. Haiwezi kukuvusha usiku mzima ila inakupa dakika za kusevu na kuzima kistaarabu.

mzee_wa_kambi

Mama hapo kwenye kalamu umenitaja kabisa 😂😂 nimeenda kugusa kesi ya kompyuta ya kazini saa hii hii, inatekenya kweli

ngarenaro_finest

Ila jamani taa za rangi mnazidharau, zile ndo zinafanya video iishe haraka. Nyekundu inaongeza spidi, bluu inapooza.

chalii_wa_kijenge

Hahaha. Sasa wakuu baada ya hayo yote naomba mnisaidie nichague. 5600G au Intel? Na RAM mbona bei imekuwa hivi, mwaka jana rafiki yangu alinunua kwa hela kidogo sasa hivi naambiwa nyingine kabisa nikadhani naonekana mgeni wa mji.

binary_wa_njiro

Hujaonewa mkuu. RAM zimepanda dunia nzima kuanzia mwishoni mwa 2025, viwanda vinakimbilia kutengeneza memori za maseva ya AI zinazolipa zaidi, sisi wa stiki mbili tunabaki tunagombania. Kwahiyo kwako kwa RAM tu nenda mtumba, DDR4, stiki mbili za 8GB. Usichukue moja ya 16. Grafiksi ya ndani ya prosesa haina memori yake, inaazima kwenye RAM, stiki mbili zinafanya kazi sambamba kwahiyo njia inakuwa pana mara mbili. Na uangalie usiuziwe RAM ya laptop, ni fupi na haiingii, kuna mtu aliniletea kwa furaha kabisa "nimepata bei ya kutupa".

Prosesa. Kwa gemu peke yake bila kadi ningekwambia 5600G, grafiksi yake ni nzito kuliko ya Intel za bei hiyo. Ila kazi inayokupa hela ni video, chukua i5-12400 ISIYO na F. Core sita, na ndani ina Quick Sync, kisehemu maalumu cha kufungua na kufunga faili za video, ukiwa unaburuza taimulaini haigandi ovyo na kurenda (kutoa video iliyokamilika) kunaenda haraka kwa programu zinazoijua. Hela ikikubana i3-12100 nayo ipo vizuri, core nne. Gemu la mpira litacheza ukishusha mipangilio, mengine utangoja kadi.

Madabodi H610 inakutosha. ILA zipo za RAM ya DDR4 na zipo za RAM ya DDR5 jina linafanana, soma boksi, kile kitobo cha RAM kimekaa sehemu tofauti hata ukilazimisha haiingii. Na uchague yenye tundu la M.2, uweke SSD ya NVMe, ile ya kistiki inayochomekwa kwenye madabodi yenyewe.

mpambanaji_wa_namanga

Kwa sisi wa Chuga (Arusha) kuna swali la ununue wapi. Mjini hapa unaweza kukosa vingine, watu wanaagiza Kariakoo vinakuja na basi, au wanavuka Namanga kwenda Nairobi, Luthuli kule. Mi nimefanya yote mawili. Nairobi ni karibu kuliko Dar, unatoka asubuhi mchana upo dukani, na vitu vya kuchagua ni vingi. Lakini madabodi yangu ikafa wiki ya pili, nikaanza tena paspoti ya muda, nauli, foleni mpakani, na mwenye duka anakwambia njoo kesho kutwa. Nilichokuwa nimeokoa kikaisha chote barabarani. Na ukirudi na boksi jipya forodha wana haki ya kukuuliza, usidanganywe na konda kwamba ni mambo ya kawaida. Siku hizi prosesa na madabodi nachukua kwa mtu ninayeweza kwenda kumkalia mlangoni na risiti. Kwa Kariakoo mwambie akupigie video akiiwasha kabla hajafunga mzigo.

chalii_wa_kijenge

Nimezunguka siku mbili kutoka Mnara wa Saa mpaka Stendi miguu imekwisha. Nimepata hivi: i5-12400 laki nne na thelathini, H610 ya DDR4 laki mbili na thelathini, RAM mbili za 8 mtumba laki na nusu, NVMe 500GB laki moja na tisini, pawasapulai 550W (nimesoma kijikaratasi mama, ampia 45!) laki moja na sabini. Jumla 1,170,000. Kesi sasa ndo imenishinda, ya bei rahisi kabisa inanipitisha bajeti, na UPS sijagusa.

mama_sodaa_sakina

45 mara 12 ni 540, hiyo ndo pawasapulai. Kesi usinunue. Nenda steshenari yoyote uulize kompyuta iliyokufa, kesi za zamani za mnara tundu za skrubu ni zile zile, madabodi ndogo inakaa vizuri. Hakikisha tu una vile vinati vya shaba vya kunyanyua bodi, usiilaze juu ya chuma tupu utaiunguza. UPS vivyo hivyo, ofisi zinazitupa betri ikichoka. Betri yake ni 12V 7Ah, ni ile ile ya ving'ora vya wezi, unabadilisha mwenyewe.

Hiyo prosesa waulize ipo kwenye boksi na feni yake au ya mfukoni, kama ni ya mfukoni feni unanunua mwenyewe. Maji maji ya kupooza usidanganywe, Arusha mwezi wa saba hata wewe mwenyewe unahitaji koti. Vumbi ndo adui, kama nyumba ipo kando ya barabara ya udongo iweke juu ya meza, sio sakafuni.

ngarenaro_finest

Kesi ya 2006 rangi ya maziwa ya mgando, ndani i5. Huyu chalii ameokoka.

chalii_wa_kijenge

Wakuu MSAADA WA HARAKA. Nimepata kesi bure na UPS bure, betri mpya nimeweka, fundi umeme amepima arthi (haikuwepo, amechimbia nondo nje, mwenye nyumba ananuna). Nimefunga kila kitu tangu saa nane. Nawasha, feni zinazunguka, monita inasema hakuna signo. Prosesa sio F nimesoma mara kumi. Jasho linanitoka.

binary_wa_njiro

Tulia. Juu kushoto ya madabodi karibu na prosesa kuna tundu la waya la pini nane, tofauti na ule mkubwa wa 24. Umechomeka?

chalii_wa_kijenge

Nimechomeka.

mama_sodaa_sakina

Zima, chomoa ukutani, subiri kidogo. Toa RAM zote. Rudisha moja tu, bonyeza kwa vidole gumba pande zote mbili mpaka kile kishikio kilie. Wengi mnaogopa kuvunja mnaiweka kama mnamlaza mtoto. Bonyeza.

chalii_wa_kijenge

Imelia KLIK mpaka nimeshtuka.

IMEWAKA. Ipo kwenye BIOS inasema 8192MB. Naweka ya pili.

16384 🙌🙌 mama nakuletea soda Sakina kesho, sema unakunywa ipi.

mama_sodaa_sakina

Stoney ya baridi. Na hiyo laptop inayosaga usiitupe, niletee niitoe vumbi nibadilishe pesti ya kupitisha joto la prosesa, inaweza kuwa inaganda kwa joto tu.

mzee_wa_kambi

Laptop unauza shilingi ngapi mkuu?