Huyu mzee katuita WAZIMU mbele ya wageni, tena Davos!!!

Mpiga Deki (Ijumaa, 27 Januari 2012, saa 7:12 usiku)

Wakuu, mnisamehe kwa herufi kubwa. Nimerudi kazini, usingizi hauji, na koti sijalivua kwa sababu ndani ni baridi kuliko nje.

Mmemsikia? Simtaji. Mnamjua, waziri mkuu wetu hapa Ireland. Kaenda Uswisi kwenye mkutano wa matajiri kututafutia wawekezaji. Sawa, ndiyo kazi tuliyomtuma. Kakaa jukwaani, theluji nje, suti imenyooka hadi nzi akitua anateleza, wenye hela wa dunia nzima wanamtazama. Ikafika zamu ya kueleza kilichoiangusha Ireland. Mheshimiwa akavuta pumzi, akasema watu wake walipandwa na wazimu wa kukopa.

WAZIMU.

Nilikuwa napiga deki ghorofa ya tatu huku North Wall Quay, Dublin. Mlinzi kaacha redio kwenye meza yake, taarifa ya habari ikawa inasomwa. Dirishani, ng'ambo ya maegesho, limesimama lile gofu la makao makuu mapya ya Anglo, ile benki iliyoanguka. Halina vioo, halina chochote, zege tupu kama mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa. Nikaliangalia gofu, nikasikiliza redio, nikauliza: kati yangu na hilo zege, nani alikuwa na wazimu?

Halafu hesabu nyepesi. Tarehe 4 Desemba, Jumapili usiku, huyu huyu kaingia sebuleni kwetu kwa televisheni, uso wa huruma kama padri, akatuambia hatukuusababisha mgogoro huu. Mama watoto akafuta machozi. Nikamwambia, umeona, huyu ana utu. Siku 53! Sina hakika hata maziwa ya unga niliyofungua wiki ile yamekwisha. Kumbe ile ilikuwa kauli ya matumizi ya ndani. Ya kuuza nje ni hii ya wazimu.

Na mimi nilikopa lini? Mwaka 2006, benki zinakimbiza watu barabarani na mikopo kama wauza soksi, nilikwenda kuomba euro 4,000 ninunue gari la mtumba. Binti wa kaunta akaitazama kadi yangu ya uhamiaji, akaitazama hati ya mshahara, akatabasamu kwa upole mkubwa, akanishauri nijaribu kwingine. Nchi nzima ina wazimu, mimi peke yangu nikaonekana mzima!

Leo wazimu ambao sikuwa nao naulipia. VAT 23% tangu Januari mosi. Ile tozo ya mshahara ya mwaka jana ipo pale pale. Na Jumatano hii, JUMATANO, wameilipa ile hati ya deni la Anglo, euro bilioni 1.25, kwa wakopeshaji ambao hata dhamana hawakuwa nayo, kwa niaba ya benki ambayo imeshakufa. Jumatano tumelipa, Alhamisi tumetukanwa.

Mtu unapeleka ng'ombe mnadani, wanunuzi wamekuzunguka, unaanza hivi: "Mabwana, huyu ng'ombe ana kichaa, juzi kampiga teke bibi. Haya, nani ataanzisha bei?"

Wazimu. Mbele ya Wajerumani wanaotukopesha!

---

Chura wa Liffey
Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

---

Bint Galway
Kaka Deki, pole. Ila mimi nimecheka hapo kwenye soksi mpaka mtoto kaamka.

---

Mchumi wa Mchongo
Mleta mada, punguza povu. Wewe hujui mambo haya yanavyokwenda. Mwekezaji hadanganyiki. Ana vitabu vyako vyote, anajua Septemba 2008 serikali iliamka usiku ikadhamini benki sita, anajua Novemba 2010 tulikwenda kuomba euro bilioni 85, na kati ya hizo 17.5 ni akiba zetu wenyewe tulizolazimishwa kuchangia kwenye mkopo wetu. Huwezi kwenda Davos useme "tuliteleza kidogo". Lazima ukiri, kisha uuze. Na vya kuuza vipo: kodi ya kampuni 12.5% tangu 2003, Kiingereza, vijana wenye digrii. Ndiyo maana Google na Facebook wako Dublin na Intel wako Leixlip. Lengo ni kuwa nchi ndogo bora duniani ya kufanyia biashara ifikapo 2016. Haya ni mambo ya mkakati.

---

Mpiga Deki
Mkuu Mchumi, asante kwa semina. Swali moja: kwenye huo mkakati, neno WAZIMU liko ukurasa wa ngapi?

Akiri ya kwake! Aseme benki zilipandwa na wazimu. Aseme wasimamizi wa benki walilala. Aseme wanasiasa walikuwa wanakula na wajenzi meza moja. Mbona yote hayo yalikuwa na majina, na wazimu tu ndio wa "watu"?

---

Mchumi wa Mchongo
Alitaja benki pia. Alisema mambo yalikuwa kati ya watu na benki, na kwamba mfumo ulizaa uroho uliopita kiasi. Sikilizeni hotuba yote kabla ya kulia.

---

Mpiga Deki
Nimesikiliza. Wazimu umetajwa kwanza.

---

Fundi Bomba
Jamani huyu si wa kwanza. Novemba 2010 waziri wa fedha wa wakati ule, marehemu, Mungu amrehemu, naye alisema kwenye televisheni kwamba sote tulifanya sherehe. Mimi bado nasubiri kadi ya mwaliko. Nilikuwa Drogheda nazibua sinki.

---

Chura wa Liffey
Sherehe ya 2010 hukualikwa, wazimu wa 2012 umo. Maendeleo hayo.

---

Baba Zuhra
Naomba kusema ukweli kwa sababu nimechoka kujificha. Wazimu ni mimi.

Ndiyo. Nilikopa 2006. Asilimia mia. Sikuweka hata senti ya kwangu. Tulipanga foleni tangu saa kumi usiku kununua nyumba ambazo zilikuwa bado michoro kwenye ubao. Kwenye foleni kulikuwa na muuguzi, dereva wa basi, na kijana mmoja ambaye hakujua hata mji wenyewe uko wapi, aliona tu foleni akajiunga. Nikapewa ufunguo. Nikaambiwa duka linakuja, shule inakuja, treni inakuja.

Leo mtaa una nyumba 36, tunakaa watu wanne. Taa za barabarani zimesimama hazijawahi kuwaka. Barabara inaishia kwenye tope mbele ya mlango wangu, kama aliyekuwa anaijenga aliitwa simu. Nyumba ya jirani haina mlango, mbweha kazaa humo, na mbweha hadaiwi na mtu. Bei imeshuka karibu nusu, deni liko vile vile. Usiku nikitoka nje kutupa taka naongea na yule mbweha.

Kwa hiyo mzee alikuwa ananisema mimi. Deki, usigombee tusi lisilokuwa lako.

---

Bint Galway
Baba Zuhra 😂😂😂 pole sana jamani. Yaani mnagawana mtaa na mbweha.

---

Mpiga Deki
Baba Zuhra, kaka yangu, hata wewe huna wazimu. Aliyempa mtu asiye na senti mkopo wa asilimia mia ndiye mwenye wazimu. Hilo halikusemwa kwa sauti ile. Na hata kama ungekuwa nao, yanasemwa ndani, mlango umefungwa, pazia limeshuka. Huyu kaenda kumwaga mtama penye kuku wengi. Kuku wenyewe wa Davos, mmewaona ukubwa wao?

Siwezi kuacha kulisikia. "Walipandwa na wazimu." Nikiendesha baiskeli nalisikia. Ndoo inalisema.

---

Mzee wa Leeside
Vijana, mnalalamikia neno. Hamkumbuki Novemba bajeti yetu ilisomwa na wabunge wa Berlin kabla ya wabunge wa Dublin? Hiyo VAT 23% anayoilia mleta mada, Wajerumani waliijua kabla yetu. Nyumba ambayo jirani anajua kitoweo chako cha kesho kabla hujakinunua, humo mna siri gani tena ya kufunikia pazia?

---

Dada Kamba
Mimi nashangaa mnaongelea Davos. Kuna mtu hapa anakaa kijijini? Kuna mtu ana shimo lake la choo? Maana mswada uliopo ni kwamba kila mwenye shimo la choo asajili shimo lake, alipie euro 50, halafu aje mkaguzi aliangalie. Likionekana bovu, ukarabati ni juu yako. Mimi niko Kerry, shimo langu lina umri kunizidi.

---

Fundi Bomba
Dada Kamba, sasa hapo umeongea kitu. Sheria hiyo inatoka mbali, Mahakama ya Ulaya ilishatukuta na kosa mwaka 2009 kwa kutokagua hayo mashimo. Kubadilisha mfumo mzima ni maelfu ya euro. Usikubali mtu akuambie mia mbili, huyo anakuja kulizungushia saruji tu.

---

Dada Kamba
Maelfu?? Na ile ada ya nyumba ya euro 100 kabla ya mwisho wa Machi? Yaani nalipia paa, nalipia na choo?

---

Chura wa Liffey
Mlango bado ni bure. Ingieni kabla hawajakumbuka.

---

Mpiga Deki
Jamani uzi ni wa WAZIMU, si wa choo.

---

Mzee wa Leeside
Mimi ada ya nyumba silipi. Waje na polisi.

---

Mchumi wa Mchongo
Mzee, usipolipa kuna faini juu yake, na riba. Usiwadanganye watu. Hiyo ada iko kwenye makubaliano na Troika, yaani wakopeshaji wetu IMF, Umoja wa Ulaya na Benki Kuu ya Ulaya, siyo kupenda kwa serikali.

---

Mzee wa Leeside
Nimesema silipi. Nimekaa nchi hii tangu 1987, nimeona wengi zaidi yako.

---

Bint Galway
Sisi wapangaji je? Mwenye nyumba wangu kanitumia ujumbe leo, anasema "ile mia" tutagawana. Kugawana kwa misingi gani? Nyumba yake, ada yake. Mbona kodi ya pango anapokula hatugawani?

---

Fundi Bomba
Usimpe. Ada ni ya mwenye nyumba, siyo mpangaji. Mwambie kwa maandishi.

---

Mpiga Deki
Hata wangu kaanza kuguna guna hivyo hivyo! Jana kaja kuangalia bomba la maji, kasimama jikoni dakika nzima anatazama dari na kusema "gharama, gharama". Nikajifanya sisikii Kiingereza.

---

Chura wa Liffey
Deki, mwenye nyumba wako alikopa?

---

Mpiga Deki
Ana nyumba saba. Unadhani alizirithi?

---

Chura wa Liffey
Basi mzee wa Davos alikuwa anamsema huyo. Mpelekee salamu.

---

Kijana wa Limerick
Mimi kinachoniuma siyo maneno, ni hao wawekezaji wenyewe wanaobembelezwa. Hapa kwetu kiwanda cha kompyuta kiliamka Januari 2009 kikatangaza kinahamishia uzalishaji Poland, watu 1,900 wakabaki na bahasha. Miaka yote ile kilipigiwa magoti. Mtu anayekuja kwa sababu ya bei ataondoka kwa sababu ya bei. Shemeji yangu alifanya humo miaka kumi na moja. Sasa hivi yuko Perth, anatuma picha za jua.

---

Bint Galway
Perth wanachukua wauguzi? Naulizia.

---

Kijana wa Limerick
Wanachukua. Njoo pembeni nikupe maelezo.

---

Dada Kamba
Na mashimo ya choo wanakagua?

---

Msimamizi
Wadau, naomba tusitukanane na tusitaje majina ya wenye nyumba. Mambo ya choo yafunguliwe uzi wake.

---

Dada Kamba
Uzi wangu wa choo uliufuta Jumanne.

---

Baba Zuhra
Nikiwa bado humu: nina hita moja ya umeme, ya magurudumu, inafanya kazi vizuri, waya wake mrefu. Nilinunua mbili wakati nadhani tutakuwa na vyumba vya wageni. Euro 20.

---

Mzee wa Leeside
Ina sehemu ya kukaushia taulo?

---

Baba Zuhra
Haina, mzee. Ni hita tu.

---

Mpiga Deki
Baba Zuhra, bado ipo?

---

Baba Zuhra
Ipo. Ila taslimu kaka, hakuna kukopeshana.

---

Mpiga Deki
Naifuata kesho asubuhi nikitoka zamu. Nielekeze, basi linafika hapo kwenu?

---

Baba Zuhra
Haliji. Shuka barabara kuu, tembea mpaka lami iishe, nyumba yenye mwanga ndiyo yangu.