Naombeni ushauri: kuunga tela kwenye kichwa cha semi nikiwa peke yangu

Kijana wa Semi:
Wakuu habari za humu. Leseni ya semi nimeipata na nimekuwa nikitembea na dereva mzoefu, sa nimeambiwa nianze kwenda mwenyewe na kazi yenyewe ni ya kubadilisha tela kila mara, unaacha hii unachukua ile. Kuendesha sina shida, rivasi naiweza, wasiwasi wangu uko pale kwenye kuunga. Mwenzangu akisikia tu loki imelia kwa! anashuka, anachomeka paipu za upepo, anakunja miguu ya tela, twende. Ila mwalimu wangu alikuwa mkali, kuna kuvuta kwanza, kuna kuchungulia na tochi. Nimfuate nani? Na paipu ni kabla ya kuvuta au baada?

Mzee wa Gia:
Mfuate mwalimu kijana. Huo mlio unakwambia taya za fifu wili (ile sahani ya kwenye kichwa ambayo tela inakalia) zimejifunga basi, haukwambii zimeshika nini. Kama tela imesimama juu kupita kiasi kingipini (ile pini ya chini ya tela inayoshikwa na taya) inaweza kupanda juu ya taya au ikaingia nusu, na taya zikajifunga bila kuishika shingo yake, afu ukifika kona au shimo la kwanza tela inachomoka na kukulalia kwenye chesisi, au inabaki barabarani na mzigo wa watu.

Kwa hiyo kabla hata ya kuingia chini, simama, shuka, angalia urefu. Sahani ya tela, lile bamba lenye kingipini, inatakiwa iwe chini kidogo ya fifu wili ili kichwa kikiingia kiinyanyue kidogo. Kama gari lako ni la suspensheni ya upepo lishushe, ingia, simama, lipandishe mpaka liguse, ndo umalizie kurudi polepole. Na tizama taya ziko wazi na grisi ipo.

Dada Tochi:
Naongezea hapo kwenye kuchungulia maana wengi wanainama sekunde moja wanasema wameona 😅 Zima gari, funguo mfukoni, chukua tochi hata kama ni mchana maana kule chini ni giza na grisi tupu. Kwanza mulika kati ya sahani ya tela na fifu wili kwa ubavuni, hapo hapatakiwi nafasi kabisa, ukiona mwanga umetokea upande wa pili jua tela imekaa juu, toka uanze upya. Pili mulika kwa nyuma katikati, taya ziwe zimeizunguka shingo ya kingipini. Tatu mpini wa loki uwe umeingia wote na klipu yake ya usalama imekaa. Mpini ukibaki nje nusu usiupige nyundo ukaondoka, hiyo ni dalili kwamba loki haijafunga.

Breki ya Upepo:
Swali la paipu. Vuta kwanza, gia ndogo, breki ya tela ikiwa imeshika, kidogo tu mpaka usikie kichwa kimekataa kwenda. Afu handbreki, zima, ndo ushuke ukague na uchomeke. Kuvuta peke yake pia hakutoshi, kingipini iliyokwama vibaya inaweza ikastahimili ule mvuto mdogo.

Ila kinachoua madereva wengi ni paipu nyekundu. Ile ndo inapeleka upepo kwenye tela na kuachia breki zake za dharura. Sa wewe umesahau handbreki ya kichwa, na kitufe cha kupaki cha tela hakijavutwa, umesimama katikati ya kebini na tela unachomeka nyekundu, gari zima linaanza kutembea hakuna mtu kwenye usukani. Watu wanakimbilia mlango, wanabanwa. Mimi nyekundu naiacha ya mwisho, wengine wanaanza nayo, sigombani na mtu, ila handbreki zote mbili ziwe zimeshika kabla hujagusa paipu yoyote.

Fundi wa Kona:
@Breki ya Upepo yote sawa, ila tela iliyolala muda mrefu msiiamini hata kama haina paipu. Kama breki yake haina springi na inashikwa na upepo wa tenki lake tu, upepo ukivuja breki inaachia, ukiisukuma inakwenda. Weka vigingi kwenye tairi.

Mwenye Haraka:
Mnamtisha dogo, sisi tunaunga kila siku na hayo yote hatufanyi, bosi anataka mzigo ufike

Mzee wa Gia:
Tela ikidondoka bosi hataulizwa alichungulia nani, utaulizwa wewe. Kazi yenyewe ya dakika chache.

Kijana wa Semi:
Asanteni sana wakuu nimewaelewa. Moja la mwisho, miguu ya tela nikunje lini?

Dada Tochi:
Baada ya kukagua loki na kuchomeka paipu na waya wa taa, kamwe sio kabla, maana kama haijashika hiyo miguu ndo inayokuokoa. Ikunje mpaka juu kabisa, ikibaki chini kidogo inagonga tuta. Mkono wa kuzungushia urudishe kwenye ndoano yake usiuache unaning'inia. Sikiliza upepo unaovuja, achia breki ya tela, zungukia taa zote hadi za nyuma kabisa.