Kwa nini Ethiopia ilimng'oa Lij Iyasu mwaka 1916 ilhali haikuwa vitani?

Mwalimu_Temeke:
Wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha historia kidato cha tatu hapa Dar es Salaam, na kuna kipindi ambacho tunakipita haraka mno darasani. Tunawaeleza wanafunzi jinsi Menelik II alivyowashinda Waitalia kule Adwa mwaka 1896, kisha tunaruka moja kwa moja hadi uvamizi wa Mussolini mwaka 1935. Katikati hapo pana Vita Kuu ya Kwanza. Kwa upande wetu habari inaeleweka: Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na watu wetu walibebeshwa mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Lakini Ethiopia, ambayo haikutangaza vita dhidi ya taifa lolote, ilimwondoa mtawala wake mwezi huohuo, na mwezi uliofuata Waethiopia wakapigana wao kwa wao. Je, Lij Iyasu aliangushwa na mataifa ya Ulaya, au na wakuu wa nchi yake kwa sababu zao wenyewe? Mwanafunzi wangu mmoja ameshikilia kwamba sababu ilikuwa dini na si kingine. Jibu hilo halinitoshelezi, na ningependa kumjibu kwa hoja.

Mkazi_wa_Upanga:
Mwalimu, umefanya vyema kuuliza, maana mkasa huu huelezwa mara nyingi kama kisa cha kijana mpotovu aliyeiacha dini ya babu zake, na maelezo hayo yalitungwa na walioshinda.

Ningeshauri uanze na ugonjwa wa Menelik. Alipopatwa na kiharusi na kupoteza uwezo wa kutawala, mwaka 1909 alitangazwa mrithi wake, mjukuu wake Iyasu, aliyekuwa bado kijana mdogo, na wakuu wa nchi wakaapishwa kwamba watamtii, huku laana ikitamkwa juu ya yeyote atakayekivunja kiapo hicho. Malkia Taytu alijaribu kuushika utawala mikononi mwake, akaondolewa mwaka 1910. Msimamizi wa kijana, Ras Tessema (Ras ni cheo cha mkuu wa ngazi ya juu), akafariki mwaka 1911. Menelik mwenyewe alikufa Desemba 1913, na kifo chake kikafichwa. Kwa hiyo vita vilipoanza Ulaya mwaka 1914, himaya ile kubwa ilikuwa na mtawala ambaye hajavikwa taji, mawaziri wazee waliowekwa na marehemu, na majimbo ambayo kila mkuu wake alikuwa na jeshi lake mwenyewe. Nguvu ya Menelik ilikuwa ni kuwajua watu hao mmoja mmoja na kuwafunga kwake kwa vyeo, ardhi na ndoa. Mambo hayo hayarithiwi.

Iyasu hakutaka kukaa Addis Ababa na wale wazee. Alizunguka nchini, akakaa muda mrefu upande wa mashariki, Harar, Dire Dawa na kwa Waafar, akioa katika koo za viongozi wa Kiislamu na kujenga urafiki na Wasomali. Baba yake, Ras Mikael wa Wollo, alizaliwa Mwislamu kwa jina la Mohammed Ali, akabatizwa mwaka 1878, na mwaka 1914 Iyasu akamtawaza kuwa mfalme wa Wollo na Tigray. Hapo ndipo wakuu wa Shewa, jimbo la kati alikotoka Menelik na lilipo jiji la Addis Ababa, walipoona hatari kwa macho yao, kwamba kitovu cha utawala kinahama kutoka kwao kwenda Wollo. Agosti 1916 akamwondoa Tafari Makonnen katika ugavana wa Harar, jimbo ambalo baba yake Tafari alilitawala kabla yake, na kumpangia Kaffa. Kwa hatua hiyo alimtia miongoni mwa maadui zake mtu ambaye hadi hapo alikuwa mwangalifu sana.

Mwambie mwanafunzi wako kwamba dini ilihitajika kwa sababu ya kile kiapo. Wakuu wale hawakuweza kumwasi Iyasu kwa sababu ya vyeo na majimbo huku laana ikining'inia juu ya vichwa vyao. Tarehe 27 Septemba 1916, siku ya sikukuu ya Msalaba, walikusanyika Addis Ababa wakati yeye yuko Harar, akashtakiwa kwamba ameingia Uislamu, na Abuna Mattewos, askofu Mmisri ambaye kwa desturi ya Kanisa lao alitoka Alexandria, akawafungua kiapo. Bila shtaka la imani asingepatikana wa kuwafungua. Zewditu, binti Menelik, akatangazwa malkia, na Tafari akawa Ras, mrithi na msimamizi wa dola.

BintiIlala:
Namshukuru aliyetangulia, lakini naona ameyasahau mataifa ya Ulaya kabisa, wakati swali la Mwalimu lilianzia hapo. Tazameni ramani ya wakati ule. Ethiopia ilizungukwa na makoloni ya Uingereza, Ufaransa na Italia kila upande, na tangu mwaka 1906 mataifa hayo matatu yalikuwa na mkataba wa kugawana maeneo ya ushawishi ndani ya nchi isiyo yao. Italia ilipojiunga na vita mwaka 1915, majirani wote wa Ethiopia wakawa upande mmoja. Sultani wa Uturuki alikuwa ametangaza jihadi Novemba 1914, wawakilishi wa Ujerumani na Uturuki walikuwapo Addis Ababa wakimshawishi Iyasu, na kule Somalia Sayyid Muhammad Abdullah Hassan alikuwa akiendelea kupambana na Waingereza.

Kwa kijana aliyeona nchi yake haina hata bandari moja, kuwategemea Waturuki na Wajerumani hakukuwa wazimu. Kama wangeshinda, wale waliomzunguka wangeondoka. Mimi naiheshimu hesabu hiyo, ingawa ilimgharimu. Septemba 1916 wawakilishi wa mataifa hayo matatu waliwasilisha malalamiko yao kwa pamoja, na kila mkuu wa Shewa akajua kwamba atakayemwondoa Iyasu hatazuiliwa na yeyote kutoka nje. Hilo si jambo dogo, ukizingatia kwamba reli ilitoka Djibouti, koloni la Ufaransa, na silaha zilipita huko.

Mwalimu_Temeke:
Nawashukuru nyote wawili. Naona mnakubaliana zaidi kuliko mnavyopingana: chuki ilikuwa ya ndani, na vita vikawapa wenye chuki nafasi na uhakika. Je, mapinduzi yenyewe yalikuwa na hakika ya kufaulu?

Mkazi_wa_Upanga:
Hapana, Mwalimu, na hapa ndipo wanafunzi wanapopaswa kupunguziwa mwendo. Iyasu alijaribu kurudi kutoka mashariki, askari wake wakashindwa kule Mieso, naye akakimbilia kwa Waafar. Baba yake, hata hivyo, alishuka kutoka Wollo na jeshi kubwa, na kule Tora Mesk akalisambaratisha jeshi la Ras Lul Seged wa upande wa Shewa, ambaye aliuawa hapohapo. Njia ya kwenda Addis Ababa ikawa wazi. Fitawrari Habte Giyorgis, waziri wa vita, akampelekea ujumbe wa hila uliomfanya adhani kwamba yuko upande wake. Mikael akangoja, na siku zile alizongoja zikawatosha watu wa Shewa kukusanya majeshi kutoka majimboni. Tarehe 27 Oktoba 1916, mwezi mmoja kamili baada ya mapinduzi, walikutana Segale. Mikael akashindwa, akatekwa na kupitishwa mjini mbele ya umati, akafariki mwaka 1918 akiwa bado mfungwa.

BintiIlala:
Niongeze kwamba ushindi huo haukuleta utulivu. Utawala uligawanyika kati ya Zewditu, Tafari na Habte Giyorgis, na mwaka 1918 askari wa mji mkuu walilazimisha mawaziri wote waondolewe isipokuwa Habte Giyorgis peke yake. Iyasu alikamatwa mwaka 1921, akatoroka mwaka 1932, akakamatwa tena, na akafariki kifungoni Novemba 1935, wakati majeshi ya Italia yamekwisha kuvuka mpaka. Tafari alikuwa Haile Selassie tangu mwaka 1930. Mwalimu, ukitaka kuliunganisha pengo lako kati ya Adwa na Mussolini, mfuatilie mfungwa huyu, kwa maana maisha yake yanaanza mwaka mmoja kabla ya Adwa na yanakoma Waitalia wamesharudi.